Kifurushi Tumekiacha kwa Jirani

Jumatatu, 3 Julai

Shule imekwisha. Nilidhani nitahisi kitu. Sikuhisi.

Leo nimeanza kazi dukani kwa Bi. Gwilliam. Kukata jibini, kupanga maziwa, kupokea vifurushi vya watu ambao hawakuwa nyumbani gari la posta lilipopita. Inanifaa. Vifurushi havikuulizi unataka kuwa nani maishani.

Asubuhi nilimwona Baba, kama kawaida. Nakaa kwenye ukuta wa bustani na kikombe changu cha chai, najifanya napunga hewa. Yeye anasimamisha gari jekundu la posta, anashuka na kaptula yake — iwe mvua, iwe theluji, Baba na kaptula — ananipa barua mkononi badala ya kuzisukuma kwenye tundu la barua la mlangoni. Leo kanisimulia mbwa wa kina Pritchard alivyotaka kumla shavu la mguu. Kaniuliza kama nina hofu na kazi mpya. Nikasema hapana. Akasema vizuri. Akaondoka.

Ndiyo. Hapana. Hayo ndiyo mazungumzo yetu tangu Oktoba, alipohamia kijiji jirani, Orlow Ndogo, kwa Yvonne Tranter, yule anayeogesha mbwa wa watu. Maili mbili! Angehamia Australia, anasema Mama, ingekuwa heshima zaidi. Na bado kila siku ya posta anakuja mlangoni kwetu, kwa sababu njia yake ndiyo hii.

Mama huwa jikoni, redio kaifungulia sauti yote, mpaka gari liondoke. Hajawahi kunikataza kukaa ukutani. Nami sijawahi kumwambia kwamba hiyo dakika moja na nusu ndiyo baba niliyebaki naye.

Jumatano, 5 Julai

Kijiji kizima kimejaa majani makavu ya ngano. Wiki ya sanamu imefika tena: kila nyumba itengeneze sanamu la kutishia ndege, iliweke langoni, na kamati itoe zawadi. Mwaka huu lazima yawe ya watu wa kazi fulani. Mwashi, muuguzi, kasisi. Bwana Lello, mwenyekiti wa kamati, anagawa majani kutoka trela lake na kukemea watu wasichukue zaidi ya haki yao. Anachotaka hasa ni kuishinda Orlow Ndogo, ambao mwaka jana waliweka sanamu hamsini. Sisi Orlow Kubwa hatuna hata nyumba hamsini. Wao wana shule, wana duka la chipsi, wana mtaa mpya. Sisi tuna kanisa na neno "Kubwa."

Bi. Gwilliam ameniambia kwa kuwa nina mwandiko mzuri nitaandika vibao vyote vya sanamu, rangi nyeusi juu ya ubao mweupe. Ananiletea maneno tu, bila majina ya wenyewe, ili iwe siri mpaka Jumamosi. Nimefurahi. Niseme ukweli — nimefurahi sana. Ni mara ya kwanza kijiji kinaniomba kitu.

Mama naye yuko bandani kila jioni na mlango kaufunga. Nilimsaidia kujaza miguu majani. Ni nani huyu, nikamuuliza. Akasema nitaona.

Alhamisi, 6 Julai

Vibao tisa leo. Kilichonichekesha ni kimoja. Maneno ya ile kadi ambayo tarishi huacha mlangoni asipokukuta, kila mtu ameshaipata maishani:

TULIKUJA, HUKUWEPO. KIFURUSHI CHAKO TUMEKIACHA KWA JIRANI.

Nikajua moja kwa moja ni cha duka, maana vifurushi vya kijiji vyote huachwa kwetu. Nikakifanya vizuri kuliko vingine. Nikakichorea na kamba ndogo yenye fundo pembeni. Bi. Gwilliam alikitazama muda, akasema, Mungu wangu, mtoto una kipaji. Wanawake wawili waliokuwa wananunua mayai wakatazamana. Nikadhani wananionea wivu!

Jumamosi, 8 Julai

Nitaandika taratibu, kimoja baada ya kingine.

Saa za mchana kila mtu alitoa sanamu lake. Mama akaniita nishike upande mmoja. Lilikuwa limefunikwa shuka. Tukalikalisha langoni, juu ya sanduku la safari, uso umeelekea barabara ya Orlow Ndogo. Kisha akavuta shuka.

Kaptula ya buluu. Kaptula yake yenyewe, ile aliyoiacha kwenye kamba ya kuanikia nguo siku aliyoondoka. Mkoba wa posta. Tumbo. Hata bandeji kwenye goti la kushoto, ile aliyokuwa nayo Oktoba. Na usoni Mama amemshonea tabasamu la mtu anayedhani hakuna anayemwona.

Halafu akatoa kibao nyuma ya ukuta na kukitundika shingoni. Kamba yangu ndogo. Fundo langu pembeni.

Watu walikuwa tayari wanangoja ng'ambo ya barabara. Ndiyo — wanangoja. Walijua. Bi. Gwilliam alijua, wanawake wa mayai walijua, Bwana Lello alijua alipokuwa anampa Mama majani. Kijiji hiki hakimwambii mtu kitu usoni. Miezi tisa walichotupa ni mazungumzo ya hali ya hewa tu. Leo wamecheka mpaka Bwana Lello akashikilia mti.

Na Mama akacheka. Kichwa nyuma, meno yote nje. Nilikuwa nimesahau kwamba ana jino moja la dhahabu.

Usiku nikamwambia angalau angeniambia. Alikuwa anaosha vikombe.

"Ningekuambia ungekataa?" akaniuliza. "Wewe umewahi kukataa kitu, Hettie?"

Akapangusa mikono, akakaa, sauti ikashuka. Akasema tangu Oktoba akiingia dukani watu wananyamaza. Akitoka wanaanza. "Walikuwa wananicheka, mwanangu. Leo wamecheka pamoja nami. Hujui tofauti yake, na Mungu akujalie usiijue."

Naijua. Nimekaa nyuma darasani miaka saba, naijua. Lakini hilo nalo sikulisema.

Jumapili, 9 Julai

Magari kutoka mjini Kinsbury. Watu nisiowajua wanapiga picha na sanamu letu. Mmoja alimketisha mtoto wake mapajani mwa sanamu.

Nimeomba kesho inyeshe. Inyeshe mvua ya kuosha rangi.

Jumatatu, 10 Julai

Haikunyesha.

Nilikaa ukutani. Nilikuwa nimepanga: nitakwenda mpaka darajani nimkute huko kabla hajafika, nimwambie. Nikapanga usiku kucha, asubuhi nikakaa ukutani kama kila siku na chai ikapoa.

Gari likasimama. Hakushuka mara moja. Alisoma kibao kupitia kioo. Kisha akashuka, akalizunguka sanamu, kama mtu anayekagua farasi ambaye hataki kumnunua. Akaigusa ile bandeji. Jikoni redio haikuwashwa — Mama alikuwa anasikiliza.

Sikutazama uso wake. Nilitazama magoti yake, na bandeji haikuwapo, goti lilishapona zamani.

"Huu ni mwandiko wako," akasema.

"Ndiyo."

Basi! Hilo tu ndilo lililotoka. Kulikuwa na maneno mengine nyuma yake, yamepanga foleni kooni kama watu kwenye mlango mwembamba. Yeye akangoja. Najua alikuwa anangoja. Halafu akatikisa kichwa kidogo, akasema nina mkono mzuri, siku zote nilikuwa nao. Akanipita. Akaenda mpaka mlangoni, akasukuma barua kwenye tundu, kama kwa mtu yeyote.

Jumanne, 11 Julai

Tarishi mwingine. Kijana mwenye miwani. Akasema Probert, yaani Baba, ameomba abadilishiwe njia, sasa anapeleka upande wa mlimani. Akauliza, hili ndilo lile sanamu? Akalipiga picha na simu.

Alhamisi, 13 Julai

Leo dukani hakuna kazi mchana. Nikatembea mpaka Orlow Ndogo.

Sijawahi kwenda kwa Yvonne Tranter. Nilijua nyumba kwa kelele za mbwa. Njia nzima nilikuwa nasema maneno yangu kwa sauti, mpaka kondoo wakaacha kula. Baba, sikujua ni wewe. Bi. Gwilliam alinipa maneno tu. Nilidhani ni ya duka. Rahisi. Mtoto wa miaka minne angeyasema.

Alifungua yeye Yvonne. Aproni imelowa, povu mpaka viwikoni, nywele za mbwa kidevuni. Nilikuwa nimemfikiria mrembo. Kumbe ni mama tu, mfupi, macho ya mtu asiyelala.

Akasema baba yako amelala, anaamka alfajiri, nimwamshe? Nikasema hapana.

HAPANA! Mguu maili mbili, halafu hapana.

Akanitazama. Mbwa nyuma yake anajikung'uta maji ukutani. Akasema amelipitia sanamu letu Jumapili, ndani ya gari la rafiki yake, ameinama. "Mwambie mama yako nilicheka. Mwambie ana kichwa kizuri. Kisha mwambie huyu bwana anavaa suruali ndefu tangu Jumanne, na joto lote hili, anapanda nalo mlima."

Halafu akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa kama nataka chai. Nikasema asante, hapana. Nikarudi.

Nilikuwa na maneno ya kumtukana pia huyo mwanamke. Tangu Oktoba nimeyatunza. Hata hayo sikuyatoa. Na sasa hayana pa kwenda, maana mtu mwenye povu viwikoni huwezi kumtukana.

Sikumwambia Mama chochote. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema natembea.

Jumamosi, 15 Julai

Tumeshinda. "Tumeshinda" — wao ndio wanaosema hivyo, kijiji kizima.

Hema kwenye uwanja wa kanisa, keki za jemu, pombe ya matofaa ya Bwana Lello ambayo humfanya kila mtu awe ndugu. Yeye mwenyewe akapanda juu ya trela kutangaza. Akasema sanamu la Bi. Probert limeshinda bila ubishi, kwa sababu huyu ndiye mwanamume pekee wa Orlow aliyewahi kukaa pale mkewe alipomweka. Wanawake wakapiga miluzi ya vidole viwili. Hata waume walicheka, kila mmoja akimtazama mkewe kwanza.

Mama akapewa kikombe. Akasema mbele ya wote kwamba nusu ya ushindi ni ya Hettie wake, aliyeandika kibao. Watu wakanigeukia wakapiga makofi. Miaka kumi na minane naishi hapa, hii ndiyo mara ya kwanza wamenipigia makofi, na nilitaka ardhi inimeze na trela juu yake.

Bi. Gwilliam akanikumbatia, akaninong'oneza eti sasa nimeacha kuwa kivuli. Nilimuuliza — nilimuuliza kweli, sauti ilitoka! — kwa nini hakuniambia kibao ni cha nani. Akashangaa. Akasema alidhani mama yangu ameniambia. Labda ni kweli. Labda kila mtu alidhani mwenzake ameniambia. Hivyo ndivyo mambo yanavyofanyika hapa, hakuna mwenye kosa.

Rafiki wa Mama mmoja akasema Orlow Ndogo wamenuna, hawatatuazima meza zao tena. Likawa ndilo jambo la kusikitisha jioni nzima: meza.

Jumapili, 16 Julai

Naandika dirishani, juu ya kizingiti, haraka.

Mpiga picha wa gazeti la Kinsbury amekuja. Mama kavaa gauni la kijani. Kanipanga upande wa kulia wa sanamu na kikombe kikawa katikati. Mpiga picha akasema vizuri, vizuri, lakini binti anaonekana kama yuko mazishini. Akasema nimshike mkono huyo bwana. Mkono ni glovu ya bustani iliyojaa majani. Nikaushika. Ukabonyea. Mama akasema, "Cheka kidogo, mwanangu, ni siku moja tu." Nikasema nywele zangu zimevurugika, nikakimbilia juu.

Ni uongo wa kwanza wa maana niliosema mwaka huu. Nywele nimezifunga vizuri.

Kutoka hapa naona barabara mpaka darajani. Kuna mtu anakuja kwa miguu, peke yake. Si siku ya posta. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso — anatembea akipunguza hatua kwenye kila lango, hata Jumapili.

Suruali ndefu.

Ua wa kina Pritchard unamkinga, Mama hawezi kumwona. Anacheka na mpiga picha. Anamwonyesha jinsi alivyoshona tabasamu. Amechangamka, amependeza, sijui lini mara ya mwisho alivaa lile gauni.

Anaita. Nywele ziko sawa, nishuke, mgeni ana haraka.

Baba amesimama kwenye kona ya ua. Amevua kofia, ameivaa tena. Hana mkoba wala barua, hajui mikono aiweke wapi. Hatazami sanamu. Anatazama ukuta, pale ninapokaa na chai.

Nina maneno matatu. Sikujua ni wewe. Nikishuka sasa nitayasema mbele ya Mama, mbele ya kamera. Nayo yakisemwa yatakuwa yamemjibu Mama pia swali lake la usiku ule: ndiyo, ningekataa.

Anaita tena. Hettie, njoo, usituaibishe.

Nimevaa viatu. Baba ameanza kuvuka barabara.

Mama alikuwa anaita mara ya tatu. Jina langu limekatika katikati: amemwona.