Nilinyoosha Wimbo wa Mama, Sasa Haimbi Tena

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana mimi mwenyewe nimeshajikasirikia vya kutosha.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni fundi wa kurekodi muziki, studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la mshonaji, kuta zote nimezibandika sponji za magodoro ili kelele za cherehani zisiingie kwenye maiki, na kwa miaka mitano nimerekodi kwaya, matangazo ya biashara na vijana wa kufoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika, ndiyo maana nikajiona nimeshamaliza kujifunza.

Mama yangu ni mkunga, amefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na moja na mwisho wa mwezi huu anastaafu, na kuna wimbo aliutunga mwenyewe zamani, huwaimbia kina mama wenye uchungu huku akitembea nao kwenye korido amewashika kiuno, wauguzi wenzake wote wanaujua lakini wanasema hakuna anayeuweza kama yeye, basi wakaniomba nimrekodi ili akishaondoka yeye wimbo ubaki, wawe wanaupiga kwenye spika ndogo pale wodini. Mama alifurahi mno. Jumamosi asubuhi alikuja studio amevaa kitambaa kipya cha kichwa, kana kwamba sauti nayo inapigwa picha.

Nikafungua programu ya kurekodia, nikaweka hesabu ya mapigo manne kama kawaida yangu, nikamvalisha hedifoni asikie ule mlio wa kuhesabia, ko-ko-ko-ko, na mpiga gitaa ninayefanya naye kazi alikuwepo amekaa pembeni, na mama akaanza vizuri kabisa, lakini alipofika sehemu ya pili akauacha mlio, mlio unakwenda kwake na yeye anakwenda kwake, nikasimamisha.

"Mama, umepotea."

"Sijapotea."

Tukarudia, pale pale, nikasimamisha tena, na, mshauri wangu, nilimsimamisha mama mara saba, na mara ya saba nilikuwa nimechoka na nikasema neno ambalo mpaka leo linanichoma, nilisema, "Mama, uzee umeshakuingia masikioni, wewe fuata mlio tu!" Akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, akasema, "Basi tumia hizo nilizokwisha kuimba," akamuaga mpiga gitaa kwa heshima, akaondoka.

Nami sikumfuata. Nilikaa nikakatakata sauti yake, kila mstari wa sehemu ya pili ulionekana una upungufu wa pigo moja, nikawa nauvuta mpaka ujae nne, na kwa kweli nilijiona hodari, nikaipeleka wodini, wakaipiga wakati wa chai mama akiwa amekaa nao, akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Anaimba vizuri huyu mama. Ni nani?" Wauguzi wakacheka wakidhani ni utani. Mimi nilikuwa mlangoni, nikajua si utani.

Toka siku hiyo ni wiki tatu mama hajaimba, na mama anaishi na sisi, kwa hiyo najua, anaosha vyombo kimya, anakunja nguo kimya, na muuguzi mkuu aliniita akaniambia hata kule kazini siku hizi anatembea na wazazi kimya, na walipomuuliza aliwajibu, "Binti yangu ni fundi, amesema nimeanza kupoteza hesabu. Siwezi kumpotosha mzazi."

Sasa wiki iliyopita mpiga gitaa akaja akakaa, akazungusha kikombe cha chai mpaka kikapoa, ndipo akasema, "Dada, siku ile niliona haya kukwambia mbele ya mama. Hakupotea. Sehemu ya kwanza anahesabu nne, ya pili anahesabu tatu. Hukuwahi kumwachia amalize." Nikabisha, halafu nikafungua programu nikatafuta, na kumbe kuna mahali juu kabisa ya wimbo, unabofya pale unapotaka, unaandika hesabu mpya, na kuanzia hapo mistari yote ya kugawia mapigo kwenye kioo, pamoja na mlio, vinafuata hesabu hiyo! Haikuchukua hata dakika. Miaka mitano sikuwahi kupagusa kwa sababu kila niliyemrekodi alikwenda nne mwanzo mpaka mwisho.

Sauti zake za mwanzo, kabla sijazikata, bado ninazo. Mume wangu anasema niunganishe upya kimyakimya, niweke tatu panapotakiwa tatu, niibadilishe ile ya wodini yaishe, maana nikianza kukiri nitamtonesha mama kidonda. Mpiga gitaa anasema nikiri. Mimi ninachoogopa ni kwamba mama atasema amenisamehe, maana ndivyo alivyo, na bado hataimba. Zimebaki siku kumi na mbili aagwe. Nifanyeje?

Ni mimi,
Fundi Mwenye Aibu


Mshauri anajibu:

Binti yangu, nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na hasira bado ninayo, kwa hiyo tuimalize kwanza.

Mtu anakosea mara saba, mahali pale pale, kwa namna ile ile, na wewe mwenye masikio ya kazi hukujiuliza? Anayepotea njia haangukii shimo lile lile mara saba kwa mpangilio. Mashine uliiweka mwenyewe kwa kidole chako, halafu ukaiamini kuliko mwanamke aliyekuzaa, ambaye ameuimba wimbo huo toka wewe hujajua kuhesabu. Na uzee umeingiaje hapo? Hilo halikuwa neno la fundi. Lilikuwa neno la mtu aliyechoka anayetafuta wa kumbebesha.

Haya, yamekwisha. Sasa nikupe haki yako. Wapo ambao wangefuta zile sauti za mwanzo na kukaa kimya. Wewe umezitunza na umeandika. Bado una mahali pa kuanzia.

Mumeo anakupenda, lakini usimsikilize. Anadhani kilichoharibika ni rekodi. Kilichoharibika ni mkunga mwenye miaka thelathini na moja ya kazi, aliyeanza kujiona hafai kwa sababu ya sentensi yako moja. Kuna wanawake wenye uchungu wanaotembea kwenye korido ile bila wimbo. Hata ukitengeneza rekodi nzuri namna gani, ile sentensi haitatoka kichwani mwake mpaka uitoe wewe kwa mdomo wako. Na akija kugundua umebadilisha kimyakimya, atafikiri ulimwonea huruma.

Kwa hiyo kesho, mchana kweupe, mkiwa wawili, mwambie: "Mama, hukupotea. Mimi ndiye nilikuwa sijui." Ukomee hapo. Usiseme "kama nilikukosea", hakuna kama. Usianze kumweleza habari za kubofya na mistari, hayo ni kujitetea kwa njia ndefu. Nyamaza, umwachie naye nafasi. Halafu muulize swali ambalo naona hukuwahi kumuuliza maisha yako yote: kwa nini wimbo unabadilika pale?

Tusi lilisikiwa na mpiga gitaa, kwa hiyo kusahihisha nako akusikie. Na wauguzi uwaambie waitoe ile rekodi, uwaambie kosa lilikuwa la fundi.

Mambo ya mitambo mimi siyajui, nimempigia rafiki yangu fundi wa redio, akacheka kwanza, kisha akasema hivi. Usiweke hesabu mpya juu ya zile sauti ulizozivuta, zimeshaharibika, anza na zilizo safi. Akikubali kuimba tena, zima mlio kabisa, aimbe peke yake mwanzo mpaka mwisho. Yeye akishamaliza, wewe ndiye umfuate: sikiliza, weka alama kila pigo la kwanza linapoangukia, panapogeuka tatu andika tatu, na anaporudi nne andika nne tena, maana mashine hairudi yenyewe. Asipokubali, usimbembeleze. Muombe ruhusa utumie zile za mwanzo, na akisema hapana iwe hapana.

Na ukifika mahali ambapo hesabu yako haikai, simamisha mashine, usimsimamishe mama.


Baada ya siku ishirini fundi alituandikia tena. Tunachapa kwa ruhusa yake.

Mshauri, nilimkuta uani anaanika nguo. Nikasema ile sentensi kama ulivyonipa, nikanyamaza. Aliendelea kubana nguo mpaka ndoo ikaisha, nami nimesimama tu na shuka lililoloa mikononi. Ndipo akasema, "Nilikuwa nimeanza kuhesabu vidole vyangu nikiwa peke yangu, mwanangu. Nilidhani akili ndiyo inaanza kuniacha." Nililia mpaka yeye ndiye akawa wa kunibembeleza, na hilo nalo nikaliona aibu.

Nilipomuuliza kwa nini wimbo unabadilika alinishangaa. "Nne ni za kutembea. Uchungu ukibana mzazi hawezi kutembea, anasimama, ananiegemea, namyumbisha. Tatu ni za kumyumbisha. Sasa wewe ulitaka tumtembeze mtu aliyesimama?"

Alikuja studio siku ya pili. Nilimwomba radhi mbele ya mpiga gitaa, naye mpiga gitaa akaomba radhi yake kwa kunyamaza siku ile, mama akasema tumekuja kuimba au kuombana radhi. Nikazima mlio. Aliimba mara moja tu, mwanzo mpaka mwisho, akijiyumbisha kidogo alipofika kwenye tatu, na hakuna aliyemgusa. Kutafuta hesabu kulituchukua mimi na mpiga gitaa siku nzima, maana kila anapotoka nne kwenda tatu kuna mapigo mawili peke yake yaliyokuwa yakinitupa nje, nikasimamisha mashine nikamuuliza mama. Akafikiri, akasema hajawahi kujua kama yapo. "Labda hapo ndipo namwangalia usoni nione kama yuko tayari." Nikaandika mbili, na mistari yote ikakaa.

Siku ya kumuaga walipiga wimbo ukumbini, lakini hakuna aliyeusikia vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiuimba juu yake, na wauguzi wote nyuma yake. Kazini alimaliza siku zake za mwisho akiimba. Nyumbani sasa vyombo vinaoshwa kwa kelele mpaka watoto wanalalamika hawasikii televisheni.

Jana alasiri kapita studio akitoka sokoni, akasimama mlangoni na kikapu chake. Akasema, "Kuna wimbo mwingine, wa wazazi wa mapacha. Huo unakwenda tano. Mashine yako inaweza tano?"

"Inaweza, Mama."

"Na wewe je?"

Nikamwambia bado, anifundishe. Akaweka kikapu chini, akavuta kiti.