Alama ya Kidole Kwenye Nanga

Kola,
Machakos.
9 Desemba 2024

Mpendwa dada Winfred,

Pokea salamu tele, wewe na mwanao Syokau, huko Limerick mnakoishi na baridi kama mpangaji asiyetaka kuhama. Lile goti lako linaendeleaje? Kama bado linauma, acha kupanda ngazi za hospitali mbiombio kama msichana, umri haufichiki. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, ndengu zimetoa maua, na mimi bado nachora mabango ya maduka bila mkono kutetemeka.

Karata ulizotuma zilifika salama. Asante sana. Najua watu wanashangaa kuona mzee mzima akikusanya karata za ramli za Wazungu wa kale, tena nakala za bei nafuu. Zile halisi za zamani tuwaachie matajiri na makumbusho. Mimi napenda picha. Yule dubu wa kwenye karata sasa yuko kwenye bango la duka la saruji hapa Kola, na samaki nimempa mama mmoja anayekaanga samaki mjini. Wateja wake hawajui samaki huyo alitoka Ujerumani zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba waliozichapisha hawakuzisafisha. Doa la kidole cha mtu aliyezishika zamani limechapwa pamoja na picha. Kuna moja kwenye karata ya moyo. Huwa naliangalia nikijiuliza huyo mtu alikuwa amekula nini siku hiyo.

Lakini karata hizohizo nusura zinivurugie shughuli ya binti yangu. Unajua watu wa mchumba wake, Mwanzia, walikuwa walete mbuzi wa ntheo ili Mwendwa ahesabike mke wao kwa desturi yetu. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, dada Kasiva alikuja kunitembelea, akakuta boksi liko wazi mezani na karata ya jeneza iko juu. Alichukua leso yake akaondoka hata chai hajamaliza, kisha akatuma ujumbe kwamba hawezi kula ntheo katika nyumba ya mundu mue, mpiga ramli. Nichague, yeye au makaratasi.

Simlaumu. Babu yetu alipokuwa akiwamwagia watu mbegu za kibuyu na kuwatabiria, Kasiva ndiye aliyekuwa akimbebea mkoba. Tangu aokoke hataki kusikia habari hizo hata kwa mbali. Naye Mwendwa akasema shangazi yake asipokuja, mbuzi warudi walikotoka, kwa maana ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Nilikosa usingizi, Winfred. Karata nazipenda, lakini harusi ya mtoto bila Kasiva ingekuwa msiba.

Nilishalipeleka boksi jikoni, kiberiti mkononi, nilipokumbuka ulichoniambia kwenye simu wakati wa Pasaka. Ulisema karata hizi zilianza kama mchezo wa kukimbizana kwa dadu, ramli ikaja baadaye. Wakati ule nilikusikia kwa sikio moja tu. Kesho yake nikamchukua Mwendwa tukaenda Mitaboni kwa Kasiva, na dadu ya ludo mfukoni.

Alikataa boksi lisivuke mlango wake. Sikubishana. Nilitandika turubai la kuanikia mahindi uani, nikapanga karata safu kwa safu, tukaanza kucheza na vifuniko vya soda. Ukitua kwenye meli, inakupeleka mbele. Mawingu yanakurudisha nyuma. Ukiingia kwenye jeneza umekufa, unangoja mpaka mwenzako atue hapo akutoe. Anayetua kwenye nanga, karibu na mwisho, anabeba ndengu zote tulizoweka kama dau.

Kasiva alikuwa mlangoni akipepeta, anajifanya hatuoni. Mara moja nilihesabu vibaya. Kama ilikuwa kwa makusudi, hilo nitalijibu mbele ya Mungu.

“Wewe Nzau, hapo umeruka karata ya mti,” akasema. “Hesabu tena.”

Basi akasogeza kigoda, akataka kifuniko chake, tukaanza upya. Kutupa mara ya kwanza tu, akatua kwenye jeneza. Mimi nikajua mambo yameharibika. Kasiva akaigonga ile picha kwa kidole.

“Sasa nitalala humu mpaka nani akuje?”

“Mpaka mimi nije nikutoe, shangazi,” Mwendwa akamjibu.

Haikupita muda Mwendwa akatua hapohapo, akamtoa. Kasiva alicheka hadi akajifuta machozi na leso. Alipotulia alituambia kwamba kwa Babu watu walikuwa wakitoka wakilia, na yeye ndiye aliyekuwa akiwasindikiza hadi njiani, mtoto mdogo vile. Hakuwahi kuniambia hilo maishani mwake. Kisha akasema atakuja, ila siku nitakapomtabiria mtu, atazichoma yeye mwenyewe.

Alikuja, na Jumamosi ilikuwa nzuri mno. Wazee walipomaliza maneno yao na nyama kuliwa, nani aliyedai turubai litandikwe? Kasiva. Aliwaita watu wa Mwanzia mmoja mmoja akawanyoa bila maji. Alipotua kwenye nanga aliinyakua karata kwa mkono uleule aliokulia mbuzi, akaiinua juu na kusema nanga ni tumaini, hilo liko kwenye Maandiko.

Jioni nilipozikusanya nikaona alama ya kidole chake cha gumba pale kwenye nanga, mafuta matupu. Nilichukua kitambaa nikataka kupangusa, nikaacha. Karata zangu zote ni nakala, dada yangu, hata madoa yake ni nakala. Ila hiyo nanga. Doa lile ni la Kasiva wetu mwenyewe, na bado linanukia nyama.

Mwendwa na Mwanzia wanakusalimu sana. Kasiva anasema ukipata dadu zenye nukta kubwa umtumie, macho yake yamechoka. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe nyumbani mapema, turubai lipo na kifuniko chako kipo.

Ndimi nduguyo akupendaye,

Bartholomew Nzau