Uboho Si Uti wa Mgongo

Al Wukair,
Doha, Qatar.
22 Januari 2026

Mpendwa Shangazi yangu, Bi Saumu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, hata kama shikamoo yangu ya mwisho uliiacha ikining'inia kwenye simu bila marahaba. Goti linaendeleaje? Na ile presha, unameza dawa kila siku au bado unangoja mpaka kichwa kigonge? Bi Riziki jirani ameshapona kikohozi chake? Na wale kuku wako wanaolala barazani kama wenye nyumba, hawajambo?

Mimi ni mzima. Huku sasa ni msimu wa baridi, asubuhi navaa sweta kumpeleka shule mtoto wa tajiri wangu kule Al Rayyan. Kazi ya udereva inakwenda vizuri. Habari za Mwanahawa ndizo zilizonikalisha chini kuandika.

Nimeandika barua kwa sababu simu umenikatia, na kwenye kundi la familia umejitoa. Haya, barua huwezi kuikata. Anakuletea Ibrahimu, kijana wa Pongwe ninayekaa naye chumba kimoja, anapanda ndege usiku wa leo kuja huko likizo. Nimemwambia asiondoke hapo kwako mpaka akuone umevaa miwani.

Shangazi, nimeudhika, nakwambia wazi. Umetuma neno kupitia Latifa kwamba nikimpa dada yangu Mwanahawa uti wangu wa mgongo nisikuite tena shangazi, na radhi zako nizisahau. Ujumbe ule niliusikiliza nimeegesha gari kando ya barabara. Halafu nikacheka kwa hasira, maana mgongo wangu hakuna aliyeuomba.

Hilo neno la uti wa mgongo limetoka kwa mwanao Latifa. Mwanahawa alimwandikia habari za ugonjwa wake kwa Kiingereza, kama alivyoambiwa na daktari. Latifa akaliingiza neno kwenye simu, simu ikamtolea uti wa mgongo, naye akausambazia ukoo mzima kabla chai haijapoa. Simgombezi. Wengi wanayachanganya maneno haya mawili, hata huku.

Neno lenyewe ni uboho. Uboho, Shangazi! Kile kitu laini kilichomo ndani ya mfupa. Ulipokuwa ukipika supu ya mifupa ulikuwa unatugongea mfupa kwenye sahani kitoke, na mimi na Mwanahawa tunakigombania mpaka unatutishia kwa mwiko. Uti wa mgongo ni kitu kingine kabisa, ni ile kamba ya neva inayoshuka ndani ya pingili, ndiyo inayoiambia miguu itembee. Uboho hauna habari na miguu. Kazi yake ni kutengeneza damu.

Najua kwa nini ulishtuka. Marehemu mumeo, Mzee Mbwana, alipoanguka kutoka juu ya lori la mkonge akapooza, neno uliloambiwa hospitali ni hilo hilo, uti wa mgongo. Wewe ndiye uliyemgeuza, ukamwosha, ukamlisha kwa kijiko miaka ile yote mpaka Mungu alipomchukua. Nilikuwepo na niliona. Kwa hiyo hofu yako naiheshimu, lakini kuitii siitii, kwa sababu hapa si mahali pake.

Sasa kaa kitako nikueleze ugonjwa wa Mwanahawa. Huu si ule upungufu wa damu wa kunywa rozela na kula maini. Ungekuwa huo, rozela uliyotutumia ingeshamponya na kumnenepesha. Uboho wake umeacha kazi, jiko la damu limezimika. Aliyelizima si jini wala kijicho cha mtu. Ni askari wa mwili wake mwenyewe, wale wanaopigana na maradhi. Wamechanganyikiwa, wanaushambulia uboho wakidhani ni adui. Kwa nini wamechanganyikiwa hata madaktari hawajui, na wamekiri hivyo mbele yangu.

Jiko likizimika hakipungui chakula kimoja tu. Chembe nyekundu zimekwisha, ndiyo maana akipanda ngazi anahema kama amebeba gunia. Chembe nyeupe nazo zimekwisha, mafua ya kawaida yanamlaza kitandani. Na zile zinazogandisha damu, wanaziita chembe sahani, hazitoshi, kwa hiyo fizi zinavuja na mapaja yamejaa madoa ya zambarau. Kule hotelini anakofanya kazi, Lusail, msimamizi wake alimvuta pembeni akamuuliza kwa upole kama kuna mwanamume anayempiga.

Wanamwongezea damu na hizo chembe sahani. Onyango, Mkenya mlinzi tunayekaa naye jengo moja, amejitolea kutoa, tena akawaburuta wenzake wa kazini. Nilipotaka kumshukuru akanijibu, "Wacha hizo, bro. Huyu ni sistee wetu." Lakini damu ya kuongezewa ni chakula cha kuletewa na jirani. Leo umeshiba, na kesho jiko lako bado ni la baridi.

Ndipo linapokuja hilo neno lingine lililokutoa usingizini, kupandikizwa uboho. Mtu akilisikia anafikiria visu na nyuzi. Mimi nitalazwa usingizi, sindano iingie nyuma ya mfupa wa nyonga, hapo hapo unapofungia kibwebwe, wavute uboho uliochanganyika na damu. Basi. Sista Roselyne, nesi Mkenya wa wodi ya Mwanahawa, alinigeuza akanigusa kwa kidole. "Ni hapa, kaka. Huo mgongo wako hatuutaki, kaa nao." Kiuno kitaniuma siku kadhaa na nitatembea kama mtu aliyelala juu ya mawe. Halafu uboho unaota tena wenyewe baada ya wiki chache. Hatari haikosi, dawa ya usingizi ina hatari zake, nimeelezwa na nimekubali.

Yeye ataupokea kwa mrija mshipani, kama anavyopokea damu. Uboho unajua wenyewe njia ya kwenda mifupani. Ulikuwa ukinituma kwa Bi Riziki na kigae nikuombee kaa la moto la kuwashia. Je, jiko la Bi Riziki lilizimika hata siku moja kwa sababu alitugawia kaa?

Upande wake ndio mgumu, sikufichi. Kabla ya kupokea atapewa dawa kali za kuwafuta wale askari waliochanganyikiwa, na kwa muda atakuwa hana kinga kabisa. Pia uboho wangu unaweza kugombana na mwili wake, kwa hiyo atameza dawa za kuutuliza kwa muda mrefu. Mojawapo ya dawa hizo inatokana na damu ya farasi. Najua hapo umeshavua miwani unaniuliza kama ni halali. Nimemuuliza imamu wetu, akaniambia mgonjwa atibiwe. Na farasi wa huku, Shangazi, wanalala kwenye kiyoyozi, wana hali nzuri kutuzidi mimi na Ibrahimu.

Mwambie na Latifa kwamba Mwanahawa hataota ndevu. Atachukua kundi langu la damu, ndevu zitabaki kwangu.

Tulipopimwa, mimi na yeye tumelingana sawasawa. Si kila ndugu wa baba na mama mmoja hulingana. Daktari alisema ukichukua ndugu wanne, huenda ukampata mmoja tu. Kwetu tumezaliwa wawili peke yetu, na tumelingana! Mungu ametupa kitu kama hicho, halafu wewe unaniambia nikikalie? Sikikalii. Hata ungenitumia wazee wa Tanga nzima wapange mstari mpaka uwanja wa ndege, sikikalii.

Unataka arudishwe nyumbani apewe kombe la aya za Kurani anywe. Kusomewa atasomewa hapa hapa, msikiti uko mlangoni kwetu na watu wa dua wapo. Lakini kwenye ndege hapandi. Fizi zikianza kuvuja huko angani, nani atamfungulia mlango ashuke?

Haya yote, Shangazi, ningeweza kuyaacha. Mimi nimeshatia saini. Ungekuwa umenizuia mimi peke yangu, barua hii ingekuwa na mstari mmoja, nisamehe, nimeshafanya. Ningekuja Tanga kukupigia magoti, unitukane mpaka uchoke, kisha unipakulie chakula, maana nakujua.

Lakini ule ujumbe wako Latifa amemtumia na Mwanahawa. Amesikia kwa sauti yako kwamba radhi hakuna, na tangu hapo anakataa. Daktari amekuja na kuondoka, anakataa. Mimi nimembembeleza, nimemgombeza, nimelia mbele yake bila aibu. Ananiambia, "Kaka, mimi mama simjui, namjua Shangazi. Siwezi kupona huku yeye ana kinyongo na mimi." Kisha anageukia ukutani. Kile kichwa kigumu amekitoa kwako, si kwa mtu mwingine.

Dawa zimepangwa kuanza Jumapili. Nafasi hii ikipita, hakuna anayejua ya pili itapatikana lini, na kwa hali yake ilivyo mafua ya mtu mmoja aliyepiga chafya kwenye lifti yanatosha kumuua. Nimeandika neno hilo makusudi. Hunizuii mimi Salum nisipooze, unamzuia Mwanahawa asiishi, na sikubali ulifanye hilo bila mtu kukuambia usoni.

Nisalimie Latifa, mwambie simu yake aitumie kupigia picha za harusi, tafsiri awaachie wenyewe. Nisalimie wanawe wote, na Bi Riziki, na jamaa wa Makorora. Ibrahimu ana tende zako kwenye mkoba, laini, hazitakusumbua meno. Mungu akupe afya, akulainishie goti, na akuweke mpaka utuzike sisi wakaidi au sisi tukuzike wewe kwa heshima unayostahili.

Mimi nikasirikie unavyotaka. Ninyime salamu, jina langu liondoe kwenye dua zako, nitavumilia mpaka hasira zikuishe. Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie Mwanahawa. Simu ameilaza kifuani, kila inapolia anainuka kutazama kama ni wewe. Usimweleze lolote kuhusu mifupa wala damu, hayo anayajua. Mwambie neno moja tu, kwa ile sauti yako ya kutuita chakula kikiwa tayari.

Mwambie, "Pokea."

Mwanao aliyekukaidi na akupendaye,

Salum