Mateka Wenu Ana Mama

Mdogo wangu,

Umeandika kwamba "sheria za vita walijitungia wenye ndege, sisi wa bunduki za kuokota hazituhusu." Nimebishana na mawaziri, sitashindwa na wewe niliyekubeba mgongoni. Sheria hiyohiyo ndiyo ninayoishika gazetini kila serikali inapolipua zahanati zetu. Mkiitupa ninyi, mimi nitasimama na nini?

Tangu uingie msituni nyumba imepoa. Bado napika chakula cha watu wawili. Anayebisha hodi ni fundi cherehani mmoja tu, mama wa yule askari mliyemteka.

"Dada, wewe una kalamu," aliniambia jana. "Niulizie tu kama miwani yake ni nzima. Bila miwani mwanangu huamkia hata milango."

Tukacheka. Kisha nikamwambia simjui mtu yeyote huko. Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kulala, nikatazama sakafu.

Mateka ana haki ya kuwaandikia watu wake. Wewe na wenzako, mpeni karatasi, aandike kwa mkono wake mwenyewe. Usiniletee tena barua yako bila ya kwake.

Dada yako