Akiniona Anafunika Mdomo

Kwako Bi Mshauri,

Baada ya salamu nyingi, mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nimemaliza shule mwaka jana, na ninakuandikia kwa aibu kwa kuwa sijapata kumwandikia mtu nisiyemjua, lakini ukurasa wako niliusoma kwenye gazeti nililofungiwa sukari dukani, nikaona ulivyomjibu mama mmoja kwa ukali bila kumcheka, nikasema huenda na mimi hutanicheka. Majina ya watu nimeyabadili, na langu nakuomba usilitie gazetini.

Shida yangu ni mtoto asiyekula mboga. Najua wako wanaokuandikia mambo makubwa kuliko haya, lakini tafadhali nisome mpaka mwisho.

Sisi ni Wagiriama. Dada yangu Mbodze aliolewa na Muorma wa hapa Garsen, akasilimu, na hapa wanamwita Batula, kwa hiyo tangu alipoondoka hata jina lake silisikii. Miezi mitatu iliyopita alishikwa na ugonjwa wa kifua akapelekwa hospitali ya mbali, na madaktari wakasema hatarudi kabla ya nusu mwaka, ndipo mama akanituma mimi nije kumlea mtoto wake kwa sababu nilikuwa nyumbani tu nikingoja majibu ya mtihani. Shemeji yangu Guyo ni mtu mwema, lakini ni mwuza ng'ombe, akiondoka na ng'ombe hukaa njiani majuma mengi. Nyumbani tunabaki mimi, mama yake ambaye nitamwita Bibi Gumato, na mtoto mwenyewe, Barwako, msichana wa miaka miwili na nusu.

Shuleni mwalimu wetu wa mambo ya nyumbani alituchorea ubaoni mafungu matatu ya chakula, cha kujenga mwili, cha kutia nguvu na cha kulinda mwili, nami nilinakili yote na daftari ninalo mpaka leo. Basi nilipoona Barwako anakunywa maziwa asubuhi, mchana na jioni, na akilia katikati anapewa maziwa tena, nikajua kuwa fungu la tatu halipo kabisa. Nikaanza na mchicha. Niliupika kwa tui la nazi kama mama anavyopika, nikamwekea kidogo juu ya ugali. Aliutazama, akachukua jani moja kwa vidole viwili akaliweka juu ya goti langu, kisha la pili, kisha la tatu. Hakulia wala hakukasirika. Alinirudishia yote mpaka goti likalowa, halafu akasema, "Maziwa."

Siku nyingine niliukatakata mdogo mdogo nikauficha ndani ya ugali, akaupata. Nikauficha ndani ya wali, akaupata. Nikala mimi kijiko kimoja kwa mchezo na yeye kijiko kimoja, akanifungulia mdomo wake vizuri, akaushika mchicha shavuni kimya kimya, na nilipogeuka akampa mbuzi.

Kisha nilifanya kosa la kusema. Nilikuwa nimekaa naye mlangoni nikimbembeleza, "Barwako mwanangu, kula majani, majani ni matamu," kumbe Bibi Gumato amesimama nyuma yangu.

"Majani?" akasema kwa Kiswahili chao cha huku. "Nasema mtoto yangu kula majani?"

"Ya mboga, Bibi."

"Sikia, mwalimu." Ananiita mwalimu kwa kuwa nimesoma, lakini hanisifu. "Majani nakula ng'ombe. Ng'ombe natoa maziwa. Maziwa nakunywa mtoto. Hiyo majani iko ndani tayari. Sasa wewe nataka nini, mtoto nafanya kazi ya ng'ombe?"

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo nikipita na kikapu wananiuliza, "Mwalimu, ng'ombe yako nashiba?" Mimi siwezi kukaa siku nzima bila mboga, basi nikawa napika zangu kidogo nyuma ya zizi la ndama, nazila huko huko kwa haraka, nasukutua mdomo, narudi.

Bi Mshauri, sijui kama mtu anaweza kuwa peke yake kati ya watu wengi namna hii. Shuleni tulilala wasichana thelathini katika chumba kimoja na nilikuwa nikiomba Mungu wanyamaze. Hapa wanawake hukaa pamoja jioni wakizungumza kwa lugha yao, na wakicheka nami nacheka wasijue kuwa sikuelewa, na pengine wananicheka mimi. Mara nyingine nachukua ndoo naenda mtoni ingawa maji yapo, nakaa karibu na kivuko nikisubiri apite mtu anayesema Kigiriama, na akipita naona haya kumwamkia. Barwako peke yake ndiye aliyekuwa hachagui lugha. Alikuja mwenyewe kwenye mkeka wangu, akinionyesha sisimizi mmoja mmoja kama kwamba ni ndugu zake, akiniita Mama Dogo.

Mwezi uliopita nilimwona anachoka upesi na anakula udongo wa ukutani. Nikampeleka zahanati kwa dresa, anayetibu watu hapa. Dresa akalivuta chini kope la jicho lake, akaniita nitazame, na mle ndani palikuwa peupe kama karatasi. Akasema damu ni kidogo sana, ni ugonjwa wa watoto wanaokunywa maziwa tu, akanipa dawa ya damu na kuniambia, "Dawa hii ni ya mwezi mmoja. Asipokula, mtarudi hapa mmembeba." Nilimweleza Bibi Gumato, akasema watoto wake saba walikua kwa maziwa. Tena mvua zikianza ng'ombe wataondoka mtoni kwenda malisho ya mbali, naye atakwenda na Barwako, kwa sababu huko maziwa ni mengi, na mwalimu hakuna.

Niliogopa. Nilihesabu siku na kuona ni chache. Ijumaa Bibi alikwenda kwenye mazishi, nikakificha kibuyu cha maziwa tangu asubuhi ili njaa imshike, na mchicha siku hiyo sikupata, nilipata mtsunga tu, ile mboga chungu inayoota karibu na mto, nikaupika. Alasiri alikuwa analia maziwa. Nikamweka katikati ya magoti yangu, nikamziba pua ili afungue mdomo, nikautia. Nikautia tena. Alitapika juu ya mikono yangu na akalia mpaka sauti ikakauka, na mimi nikiwa nalia pia lakini sikuacha mara moja, nilimtia mara ya tatu, na hilo ndilo silisahau.

Bibi aliporudi aliuliza mtoto ana nini. Nikasema ameogopeshwa na mbwa. Bibi akatoka na fimbo akampiga mbwa wa jirani asiye na kosa.

Sasa Barwako akiniona anafunika mdomo wake kwa mikono yote miwili. Hata nikiwa nimeshika nguo, hata nikiwa sina kitu mkononi. Haji mkekani. Dawa ya damu lazima Bibi ampe, mimi hanikubali. Nimebaki na majuma matatu hivi kabla ya mvua. Nifanye nini ale mboga, na nifanye nini aniachie mdomo wake, na dada yangu akirudi nitamwambia nini?

Mimi,
Mama Mdogo, Garsen

*

Mama Mdogo,

Sikukucheka. Bibi Gumato nilimcheka kidogo, kwa sababu maneno yake ya ng'ombe na majani yamepangwa vizuri kuliko ya mawakili wengi hapa mjini. Hata hivyo amekosea. Ng'ombe hakuleta yote aliyoyala. Damu ya mtoto haikuja na maziwa, na kope la jicho limekwisha sema hivyo.

Nikugombeze kwanza, halafu tuendelee. Mtsunga! Mtoto hajakubali mchicha wa nazi, unampa mtsunga? Mimi ni mtu mzima na mtsunga naula ukichanganywa na mboga nyingine, tena nikiwa nimealikwa na sina la kufanya. Kumshindisha mtoto na njaa ni kosa. Kumziba pua ni kosa kubwa zaidi, angeweza kupaliwa na leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine. Usirudie, hata dresa akikwambia zimebaki siku mbili. Umesikia? Basi, hilo limekwisha, usijipige nalo kila asubuhi. Ulikuwa peke yako, ukaogopa, ukatumia nguvu. Watu wazima wenye waume na mama wakwe wa kuwasaidia wamefanya hivyo hivyo, wala hawakuandika kuungama.

Sasa nikuulize. Umeniandikia habari za mchicha katika ugali, katika wali na katika shavu la mtoto. Katika boma lote hilo, Barwako amemwona nani akila mboga akashiba? Bibi hali. Majirani hawali. Wewe unakula nyuma ya zizi la ndama, kwa haraka, kisha unasukutua mdomo kama mtu aliyeiba. Kile kijiko kimoja ulichokula mbele yake kilikuwa cha mchezo, na watoto wanajua mchezo. Mtoto wa miaka miwili hajui mafungu matatu ya ubaoni. Anajua kwamba chakula ni kile kinacholiwa na watu wake mbele ya watu. Umemfundisha mwenyewe kwamba mboga ni kitu cha kufichwa, kisha unashangaa naye akimpa mbuzi.

Kwa hiyo toka nyuma ya zizi. Pika mchicha wako, lakini weka nazi kando, utie samli ya nyumba hiyo, maana ndiyo harufu anayoijua tangu kuzaliwa. Kaa mlangoni mchana kweupe, ule sahani nzima kwa kuwa una njaa. Watakuuliza kama ng'ombe ameshiba. Wajibu, "Bado, niongezeeni," ucheke wewe wa kwanza. Usimwangalie Barwako. Usimwite. Usimpe. Siku ya kwanza atakaa mbali na mikono yake mdomoni. Muda utapita, juma zima pengine, kisha atasogea. Akinyoosha mkono, mwachie achukue mwenyewe, na akichukua jani moja usipige vigelegele. Akilirudisha gotini kwako, ulile wewe.

Maziwa usimnyime, ila yafuate chakula, yasitangulie, tena kikombe, si kibuyu. Dawa ya dresa iendelee kila siku na Bibi ndiye ampe, wala usione wivu. Ng'ombe au mbuzi akichinjwa popote karibu, omba kipande cha ini, ukichome, ukikate vipande vidogo. Ini lina damu, na hapo Bibi hatakwambia ni kazi ya ng'ombe. Dawa ikikaribia kwisha, mrudishe mtoto kwa dresa, na safari hii Bibi aende naye aoneshwe lile kope kwa macho yake. Watoto saba aliowalea nawaheshimu, lakini hakuna hata mmoja wao aliye na jicho hili.

Neno "majani" liache kabisa. Kwenu ni mboga, kwao ni malisho, na wote wawili mlikuwa mkisema Kiswahili kizuri.

Linabaki lile la mbwa. Huwezi kukaa nyumba moja na mwanamke ukiwa umemdanganya juu ya mjukuu wake. Mwambie leo, kabla hujapika chochote. Mwambie hivi: "Bibi, si mbwa. Ni mimi." Mweleze pua, mweleze kibuyu. Atakukaripia kwa Kiswahili, halafu kwa lugha yake, na hiyo ya pili itakuwa ndefu. Usikimbie, usilie sana, usijitetee kwa daftari. Akimaliza, mwambie unaogopa mtoto atakufa na ndiyo maana. Naye anaogopa hivyo hivyo, mwanawe yuko njiani na mkwe wake yuko hospitali, ila yeye hana gazeti la kuandikia. Dada yako naye mwandikie yale yale uliyoniandikia mimi, asije akayasikia kwa watu.

Na mvua zikianza, usingoje kualikwa. Funga mzigo wako, anika majani ya kunde yakauke, uyatie mfukoni, umwambie Bibi Gumato kwamba unakwenda nao na utachota maji. Ukibaki hapo kungoja Mgiriama apite kivukoni utazeeka. Una majuma matatu. Kila siku mwombe Bibi akufundishe neno moja, na la kwanza liwe hili: kwa lugha yao, mtu akitaka mtoto aonje kitu, humwambiaje? Ulishike vizuri. Ukiwa na hakika umelitamka sawasawa, mwambie Barwako mara moja tu. Kabla ya hapo usimwambie lolote. Kula tu.