Kadi ya Mjane

Uvira, Kalundu

Yaya Damien,

Salamu zako nimezingoja hadi nimechoka, basi pokea zangu. Jirani yetu Noella amezaa muvulana. Mvua imeozesha mihogo.

Kwenye matanga, mbele ya kumzika mama, watu walicheza kadi kama kawaida, ila vijana walitaka zile kama zako za majini na mashujaa, kila mutu na zake. Tukakaa wanne chini ya turubai la shitingi. Ulipoenda Kanada ulibeba zenye nguvu, ukaniachia zile ulizoziita takataka. Miye nikaziunganisha mbili. Mjane hapigani, anaokota tu nguvu ya kila kadi inayokufa. Kadi ya pili, Kengele, inamwaga nguvu hiyo juu ya wapinzani wote mara moja. Wale watatu wakamalizana wenyewe, hakuna aliyeniogopa. Nikaweka Kengele, wote chini. Hata waliokuwa wakilia walicheka.

Rafiki yako Pitchou alikuambia. Ndiyo maana ulipiga simu, mara ya kwanza tangu mama aanze kuugua: "Nitumie Mjane, huku anatafutwa sana." Haukuuliza mama amezikwa wapi.

Mjane nilimulaza mukononi mwa mama mbele ya kufunga sanduku. Ukimutaka, yaya, sasa itabidi uulize.

Mudogo wako aliyebakia,
Chérie