Pua ya Mama kwenye Picha ya Kivukoni

Jumanne, 22 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefunga duka la dawa mapema, wateja hakuna. Nyumbani nimeanza kazi yangu ya kila masika: kupita ukuta kwa ukuta, napenyeza kiganja nyuma ya picha za baba kuona kama zimepata unyevu. Alizichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta, enzi zile anaandika mabango ya maduka mchana na kuchora jioni. Kundi la swala sheshe mbugani, kavu. Wavunaji wa mpunga Chita, kavu. Mlima unavyoonekana kutokea Sanje, kavu, ila mjusi ametaga nyuma yake. Nimehamisha mayai.

Ya mama haipo ukutani. Baba anasema ameihifadhi. Sijalipenda neno hilo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeipata. Nyuma ya kabati, imezungushiwa nailoni na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Baba aliifunga ili mvua isiiguse kabla ya jubilei yao ya ndoa. Amefungia unyevu humohumo ndani. Nilipoifungua harufu ilinitangulia. Ukungu mweupe umetambaa kutoka mawinguni, ukashuka mtoni, ukamfika mama begani.

Ni mama akiwa msichana, anasubiri pantoni Kivukoni, kwenye mto Kilombero, ndoo ya samaki miguuni. Picha nyingine ya umri ule hatuna. Za kamera zililiwa na mchwa kabla sijazaliwa.

Baba hana wasiwasi hata kidogo. Anasema ataipaka rangi upya, na hapohapo atairekebisha pua. Tangu nimepata akili mama analalamika kwamba pua ile si yake, ni ya shangazi yake. Baba anataka siku ya jubilei amkabidhi pua yake halisi.

Nimekataa. Baba ana zaidi ya miaka themanini, mkono unatetemeka akimimina chai. Akianza na pua atamaliza na uso mzima.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo mapumziko. Nimempigia Zuhura, tuliyesoma naye, anatunza vitu vya kale kwenye makumbusho huko Dar. Kwanza amenigombeza kuhusu nailoni kana kwamba nimeifunga mimi. Kisha maelekezo. Maji marufuku. Sabuni marufuku. Mafuta ya nazi, ambayo mama alikuwa ameshayaleta kwenye kisahani, marufuku. Jua kali pia. Niiweke kivulini penye upepo mpaka ikauke kabisa, mbali na picha nyingine. Halafu nifunge pua na mdomo, nifute ukungu kwa brashi laini, kavu, bila kukandamiza.

Nimeiegemeza kwenye kiti barazani. Kuku mmoja amekuja kuitazama. Mama kamfukuza, kisha kabaki yeye mwenyewe ameitazama muda mrefu.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekasirika mpaka sasa.

Nimerudi misa ya kwanza nikamkuta baba barazani na kitambaa chenye mafuta ya taa. Ameshafuta kona ya chini. Kitambaa kimetoka na rangi ya buluu. Kipande cha mto Kilombero kimebaki kwenye kitambaa.

Nilimpandishia baba sauti. Sijawahi. Akanitazama kwa utulivu, akasema, "Tasi, hiyo picha niliichora mimi. Nikitaka kuifuta, naifuta."

Kweli ni yake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimeichukua, nimeifungia chumbani kwangu. Chakula cha mchana amekula akiwa amenipa mgongo.

Jumatano, 30 Aprili

Picha imekauka. Nimeanza kufuta, kwa brashi yangu ya poda ambayo sijawahi kuitumia kwa poda. Naitoa nje, naifuta kidogokidogo. Kamba ya pantoni imejitokeza. Kisha maua ya kitenge cha mama, mekundu. Nimecheka peke yangu kama mwehu, nimejifunga kitambaa usoni.

Baba bado hasemi nami. Anaongea kupitia mama, na mama anayabadilisha maneno njiani. Jana baba alisema, nami nikiwa palepale mezani, "Mwambie mwanao chumvi imezidi." Mama akanigeukia: "Baba yako anasema umependeza leo." Baba alikohoa, akajifanya amepaliwa.

Jumatatu, 5 Mei

Ukungu umetoka. Limebaki doa la kijivu mawinguni, na ile kona iliyochubuliwa. Zuhura nimemtumia picha kwa simu, amesema niache hapohapo, nisizidishe. Nimeacha, ingawa mkono unawasha. Ndipo nikamwelewa baba kidogo. Kama unaniwasha mimi nisiyejua kuchora, je, yeye?

Nimepita kwa fundi seremala, nimemnunulia baba ubao laini. Rangi mpya pia. Nikamwambia, shikamoo baba, mchore mama upya hapa, na pua uitakayo. Ameitikia marahaba. Ubao ameuegemeza nyuma ya mlango bila kuutazama mara mbili.

Jubilei ni Jumamosi. Wageni wa Mahenge wataanza kuingia Ijumaa.

Jumatano, 7 Mei

Nimerudi dukani jioni, mlango wa chumba changu uko wazi.

Walikuwa barazani. Picha kwenye kiti. Baba na brashi mkononi, rangi nyeusi imeshachanganywa. Mama amekaa mbele yake kwenye kigoda, kidevu juu, uso upande, kama yule msichana wa pantoni. Ufunguo wangu kautoa mama mwenyewe.

Baba alikuwa anatazama pua ya mama, kisha ya kwenye picha, kisha ya mama. Muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mama Tasi, uko sahihi. Siyo yako."

Mama akasema, "Najua. Lakini iache."

"Umeilalamikia miaka yote."

"Kama nisingeilalamikia, ungeacha kunitazama. Kila nikisema pua, unaacha kazi unakuja kuniangalia. Sasa ukiirekebisha, mimi nitasema nini?"

Baba alicheka mpaka ikabidi aweke brashi chini. Mama naye. Mimi nimekaa kwenye ngazi, nimelia kidogo, kwa furaha na kwa uchovu.

Kisha baba akanionyesha chini ya picha, penye matete. Hapakuwa na jina. Kwenye picha zake zote jina lipo, kwenye hii aliacha wazi kwa sababu aliiona haijaisha. Mama akamwambia aandike, imeisha. Akanitazama mimi, kuomba ruhusa. Baba yangu, ananiomba mimi ruhusa. Niliona aibu.

Nimemshikia fremu isitikisike. Mkono ulitetemeka hewani, ila brashi ilipogusa ukatulia. Ameandika jina lake, herufi za mabango, zimenyooka.

Sijampigia Zuhura. Nitamwambia wiki ijayo.

Jumamosi, 10 Mei

Jubilei! Misa, vigelegele, wali, kambale, ngoma ya akina mama wa jumuiya. Padri alicheza. Picha tuliiweka ukumbini mbali na moshi wa jikoni na mbali na watoto wenye soda. Mashangazi wa Mahenge walipanga foleni kuitazama na kumtazama mama, wakaanza kubishana kuhusu pua. Mmoja akadai ni ya kwake. Mama akakataa kusema neno. Baba alikuwa anang'aa kwa suti yake ya kahawia.

Miguu inauma. Nimefurahi sana leo.

Jumapili, 11 Mei

Wageni wameondoka na basi la asubuhi. Nyumba kimya. Nimeipa picha ukuta wa ndani, usiopigwa na mvua. Nyuma ya fremu nimebandika vipande vya kandambili kuukuu ili hewa ipite. Baba alinishikia misumari. Mama alisimama mlangoni anasema kushoto kidogo, kulia kidogo.

Sasa wamelala wote. Mvua imerudi, nyepesi. Nimepitisha kiganja nyuma ya picha. Kavu.